Ufunguo wa Choo cha Wageni

Nimesikia shuhuda nyingi za watu waliopona, na karibu zote zinaishia mahali pamoja: nikasamehe, nikapata amani. Mimi nimepona. Figo zangu zinafanya kazi, asubuhi naamka na kuchota maji mwenyewe, na sijasamehe. Nalisema mapema ili anayetafuta ushuhuda wa kanisani asipoteze muda wake hapa. Ninayemwandikia ni mwanamke anayeshinda juani: anayeanika dagaa, anayeponda kokoto, anayeuza ndizi barabarani bila hata mwavuli. Nataka asifike nilikofika. Na kwa kuwa njia ya kufika huko nilionyeshwa na mtu, nitamtaja.

Ni wifi yangu Generoza, dada wa mume wangu, tumbo moja.

Naanika dagaa kwenye mwalo mmoja, ufukwe inapofikia mitumbwi ya uvuvi, upande wa Ilemela, Mwanza, huu ni mwaka wa tisa. Kazi yetu inafuata mwezi wa angani. Mwezi usipokuwepo, wavuvi hutoka na taa na dagaa hufuata mwanga. Siku hizo tunaziita giza. Mbalamwezi ikirudi, mitumbwi inapumzika na sisi tunapumzika. Kwa hiyo nikisema niliugua giza la mwezi wa tisa nikarudi mwaloni giza la mwezi wa pili, ndivyo tunavyohesabu sisi.

Mitumbwi hufika alfajiri. Ikifika saa mbili asubuhi tumeshatandaza nyavu juu ya mchanga na mawe, na dagaa wamemwagwa. Kuanzia hapo ni kugeuza. Unainama, unageuza kwa mikono, unafika mwisho wa wavu, unaanza upya, mpaka saa tisa au kumi unapoanua. Watu wa mjini wakilia joto, sisi tulikuwa tunashukuru, maana jua kali ndilo linalokausha dagaa kwa siku moja. Na mawe ya Mwanza mnayajua. Yanalipokea jua asubuhi na kulirudisha mchana, unachomwa juu na chini kama chapati.

Tajiri mwenye eneo lile alijenga choo. Choo kizuri, cha vigae, chenye maji, alichokijenga kwa ajili ya wanunuzi wanaotoka mbali. Akaweka kufuli, na ufunguo akampa Generoza, aliyekuwa msimamizi wetu. Generoza akautia kwenye uzi mwekundu, akauvaa shingoni pamoja na rozari. Zamani tulijisaidia nyuma ya mawe. Siku hizi nyuma ya mawe kuna nyumba za watu na kijiwe cha bodaboda. Mwanaume anageukia ukuta, kazi imekwisha. Mwanamke anakwenda kuomba ufunguo.

"Wifi, naomba ufunguo."

"Subiri."

"Nimebanwa, wifi."

"Subiri, wageni wapo. Na kazi ya dagaa haina mkojo."

Tulikuwa tunacheka akisema hivyo. Tulicheka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akichagua nani aje kesho na nani abaki nyumbani.

Basi tukafanya kitu ambacho naona wanawake wengi wa kazi kama zetu wanakifanya, na ndilo kosa langu mimi, silisukumi kwa mtu. Tuliacha kunywa maji. Usipoyatia mwilini hutahitaji kuyatoa. Tukaligeuza kuwa uhodari. Mama Sele, jirani yangu wa wavu, alijisifu kwamba anaweza kutoka alfajiri mpaka jioni kwa kikombe kimoja cha chai, tukampa jina la Ngamia. Mimi nilitaka jina hilo. Nikaanza kuja bila hata hicho kikombe. Mgongo ukiuma kwa kuinama, nilikuwa nameza vidonge vya maumivu vya duka la dawa, viwili asubuhi na viwili mchana, vikavu, bila maji. Niliambiwa baadaye kwamba nilikuwa kama mtu anayeichoma nyumba yake kwa pande mbili.

Giza lile la mwezi wa tisa hewa ilisimama. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa na hakuna upepo uliotoka huko siku nne mfululizo. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma. Siku ya pili mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Siku ya tatu ukawa mweusi kama soda, nikadhani ni UTI, nikasema giza likiisha nitakwenda kupima. Mama, mkojo ukiwa na rangi ile usisubiri giza liishe. Ondoka juani siku hiyohiyo.

Siku ya nne, kama saa saba na nusu mchana, misuli ya miguu ilianza kunikaza. Kisha jasho likakauka. Ngozi yangu ikawa kavu kama kuta za jikoni, na vinyweleo vikanisimama, na nikasikia baridi. Nilifurahi. Nilidhani nimezoea jua hatimaye. Sikumbuki kitu baada ya hapo, nimesimuliwa na Mama Sele. Anasema nilipiga magoti mbele ya wavu wangu nikaanza kuwaamkia dagaa. Shikamoo huyu, shikamoo huyu, mmoja mmoja, nikikasirika kwamba hawaitikii marahaba. Wenzangu walicheka mwanzoni. Walidhani ni mzaha, maana mimi ni mtu wa mizaha. Nilipoanguka kifudifudi ndipo walipoacha.

Generoza alikuwa na wanunuzi siku hiyo. Akaja mbio, akaangalia, akasema, "Mtoeni hapo, wageni wanaona."

Wakanibeba mpaka stoo. Stoo yetu ni ya mabati, juu na pembeni, na ndani mna magunia ya dagaa mpaka darini. Kwa kuwa nilikuwa nikitetemeka, Generoza akanifunika kwa khanga mbili, akarudisha mlango, akarudi kwa wageni wake. Nilikaa humo muda gani? Mama Sele anasema aligeuza wavu wake mara moja na nusu. Wenye kazi hii wanaelewa huo ni muda mrefu.

Aliyeniokoa ni Mama Barafu, mwanamke anayeuza barafu ya kuhifadhia sangara, ambaye Mama Sele alimkimbilia kwa kuwa alikuwa karibu. Hakuwa na elimu yoyote ya udaktari. Aliusukuma mlango kwa teke, akanishika miguu, akaniburuta mpaka kivulini kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, akanivua blauzi mbele za watu.

"Aibu baadaye!" alipiga kelele. "Samaki akianza kuharibika unampoza kwanza, maswali baadaye!"

Akanijaza barafu makwapani, shingoni na mapajani, beseni zima, barafu yenye magamba na harufu ya sangara, huku mwingine akinipepea kwa kipande cha boksi. Daktari alisema baadaye kwamba bila barafu ile nisingefika. Nilinuka samaki wiki nzima, na sijawahi kupenda harufu kama ile.

Nilizinduka hospitali kubwa siku ya tatu. Mume wangu, Baba Bahati, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Ni fundi seremala, mtu mpole, na mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao. Nikamwambia nina kiu. Akatazama pembeni.

"Wamesema usinywe sana," alisema. "Mkojo hautoki."

Nilikuwa nimebana mkojo miaka, na sasa hata wa kubana sikuwa nao. Figo zilikuwa zimezimika. Zinaweza kuwaka tena, walisema, au zisiwake, na zisipowaka nitaishi kwa mashine maisha yangu yote. Ninyi mtakaoambiwa hivyo, najua kinachofuata. Hulii. Unaanza kutazama mpira wa mkojo na kile kimfuko chake, saa baada ya saa, kama mtu anayechungulia mvua.

Wakaniwekea mpira mwingine shingoni kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Mahali palepale ambapo Generoza alikuwa na ufunguo, mimi nikawa na mpira. Nililiona hilo siku ya kwanza nilipojitazama kwenye kioo cha bafu la wodini, na hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa rasmi.

Mashine ilikuwa mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mnafika mapema, mnakaa kwenye benchi la korido mkisubiri majina. Benchi lile nimelikaa mpaka najua msumari wake uliochomoza. Kila mtu ameshika begi dogo lenye blanketi, maana ukiwa kwenye mashine unasikia baridi. Miguu yangu ilivimba nikavaa ndala za mume wangu. Uso ulivimba hata Bahati, binti yangu wa miaka saba, alipoletwa kunisalimia akajificha nyuma ya baba yake. Ngozi ya mabega ilibanduka vipande. Nywele zilitoka na kitana.

Na kiu. Niliruhusiwa chupa moja ndogo ya maji kwa siku, basi. Mimi niliyekuwa nikiyakataa maji kwa kiburi, nililala naota madumu. Aliyenifundisha kuishi na kiu ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini, ambaye kiti chake cha mashine kilikuwa jirani na changu. Hakuwa mzee wa maneno matamu. Alikuwa mkali, aliwagombeza hata manesi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepata?"

Ndiyo ilikuwa salamu yake. Umepata mkojo? Nikisema sijapata, alifungua chombo chake chenye barafu na kunipa kipande cha ndimu kilichogandishwa ninyonye, kimoja tu, na kukifunga haraka nisiombe cha pili. Kipande kile kilinifikisha jioni.

Nilimsimulia habari ya ufunguo. Sikumficha kwamba nilikuwa nikipanga. Nikiwa nimefungwa kwenye mashine saa nne nzima, ningefanya nini kingine? Nilishamtia Generoza kwenye stoo ya mabati mara nyingi kichwani mwangu. Nilishamfungia mlango wa choo chake mwenyewe. Nilidhani atanikemea.

"Panga vizuri," alisema. "Kisasi cha haraka kinachacha kama maziwa. Mimi niko kwenye kiti hiki mwaka wa tatu, nimeshawaadhibu watu kumi na mmoja, na hakuna anayejua."

Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia mashine.

Generoza alikuja kuniona wiki ya pili. Alikuja na chupa ya chai na matunda, amevaa kitenge cha kanisani. Ufunguo ulikuwa palepale. Akakaa, akanitazama mpira wa shingoni, akatazama sakafu.

"Pole, wifi," alisema. "Ndiyo mambo ya Mungu haya."

"Mungu hakuwa na ufunguo," nilimwambia.

Aliimimina chai, na mimi nilikuwa siruhusiwi chai, na yeye hakujua kwa sababu hakuuliza. Ikapoa kwenye kikombe mbele yangu mpaka alipoondoka.

Jioni ile nikagombana na mume wangu. Alisema dada yake alikuwa analia kwenye ngazi. Nikamwambia amwache alie, machozi nayo ni maji, ana ya kutosha. Hapo Baba Bahati, ambaye hajawahi kunipandishia sauti, akaniambia neno lililonichoma zaidi ya jua.

"Dada hakukuziba mdomo usinywe, Mama Bahati. Ulikuwa unakunywa au hunywi kwa hiari yako."

Nikageukia ukutani. Nilikasirika kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli, na nimeshaikiri hapo juu. Lakini nusu nyingine hakuijua, na nitaitaja kwa ajili ya wanaume wanaosoma. Ukimfungia mtu choo umemfungia na maji. Hakuna haja ya kumziba mdomo. Siku mbili hatukusemeshana. Alikuja, akanipepea kwa boksi umeme ulipokatika, akaondoka. Kunipepea kwake ndiko kulikoizuia hasira yangu isimfikie yeye.

Siku ya kumi na tisa tangu nianguke, asubuhi, nesi aliinama kuangalia kimfuko, akainama tena, akaniita jina langu la ubatizo. Mkojo ulikuwa kidogo, haujazi hata kikombe cha kahawa, na mchafu. Nililia kama mtu aliyejifungua. Siku ile ilikuwa Ijumaa, na nilipopelekwa kwenye mashine mzee alikuwa ameshaanza.

"Umepata?"

"Nimepata, babu."

"Kiasi gani?"

"Kama vijiko vitatu."

"Vijiko vitatu ni mwanzo," alisema, kisha akageuza uso upande wa pili na hakuzungumza na mtu mpaka saa zake zikaisha. Mwaka wa tatu huo yeye hakuwa amepata hata kijiko. Aliponyanyuka kuondoka aliniachia chombo chake chote cha ndimu.

Baada ya hapo ukaja kwa wingi, siku nyingine mpaka ndoo nusu, wakawa wananihimiza kunywa badala ya kunikataza. Mashine mbili za mwisho, kisha mpira wa shingoni ukatolewa. Nikarudi nyumbani Buswelu wakati mvua za vuli zinaanza. Miezi yote ile ya mvua nilikuwa wa kivulini. Nikijaribu kudeki, mikono inatetemeka. Nikienda dukani saa sita, kichwa kinaniambia rudi, narudi. Mwili ukishachomwa hivyo haulipendi jua tena haraka, msiulazimishe. Wala ndugu wasikuite mvivu. Mimi waliniita, upande wa mume, na najua nani alianza.

Sasa mama unayeshinda juani, kabla sijafika mwisho, shika haya machache kutoka kwangu. Kunywa kabla hujasikia kiu. Saa sita mpaka saa tisa ni za kivuli, na kama bosi hataki, basi kuleni kivuli kwa zamu. Jasho likikauka juani huo si uzoefu, ni hatari. Mwenzako akianza kuongea vitu visivyoeleweka usicheke, mvue, mloweshe, mpepee, tafuta barafu, usimfunike, mkimbizeni hospitali. Na vile vidonge vya mgongo uliza kwanza.

Giza la mwezi wa pili nilirudi mwaloni. Jua lilikuwa lile la kiangazi kifupi, linalochoma kuanzia saa tatu. Mume wangu alinikataza, nikamwambia siendi kuanika. Nilienda na madumu mawili ya maji kwa bodaboda, vikombe, sukari na chumvi. Mzee wa vipuri alisema nipange vizuri, na nilikuwa nimepanga kwa miezi mitano.

Wenzangu walinipokea kwa vigelegele. Nikawaambia, "Leo tunakunywa."

Wakaogopa kidogo, lakini walikuwa wamenibeba wenyewe kwenda stoo, na hilo liliwasumbua. Mama Sele Ngamia ndiye aliyeanza. Kikombe, kikombe, wanawake kumi na saba, asubuhi nzima. Ilipofika saa sita madumu yalikuwa matupu na tumejaza tena. Saa sita na nusu wote walikuwa wamebanwa. Tukapanga foleni mbele ya choo cha vigae, tukamwita msimamizi.

"Tunaomba ufunguo, wifi," nilisema mimi.

"Subirini. Rudini kwenye nyavu, dagaa wanaungua."

"Tunasubiri," nilisema.

Tukakaa. Kivuli cha ukuta wa choo kilitutosha wote. Wengine walikwenda kujisitiri kwa kushikiana khanga kama pazia, wakarudi foleni, wakanywa tena. Hakuna aliyegusa wavu. Nyavu zote zilikuwa chini ya jua na dagaa wa giza kubwa, wa kwanza kwa wingi mwaka ule, na wanunuzi walikuwa wanatarajiwa saa kumi. Generoza alitutukana, akatutishia kesho, akampigia tajiri simu, simu haikupokelewa. Ndipo akajifunga kitenge akaingia kwenye nyavu mwenyewe.

Anaijua kazi, simnyimi haki yake. Alianza kugeuza, wavu wa kwanza, wa pili, mbio, kwa hasira, bila kofia, bila tone la maji. Na mimi nilikaa kivulini nikanywa polepole nikimtazama. Nilifurahi. Sitaandika uongo hapa. Ilikuwa ndiyo picha niliyoichora kwenye mashine, ila nzuri zaidi, kwa sababu alijitia mwenyewe.

Wavu wa tano aliacha kujifuta uso. Nikaliona hilo. Wavu wa sita alijisugua mikono kama mtu mwenye baridi. Wenzangu walikuwa wanaongea, wanataniana; hakuna aliyejua maana yake ila mimi. Nilikuwa na kikombe mkononi, kimejaa. Nilikinywa chote kwanza. Hilo nimelikiri kwa padri, na nalikiri na kwenu: nilimaliza kikombe kile nikijua.

Kisha nikanyanyuka. Alikuwa amesimama katikati ya mawe akizungumza na mtu ambaye hayupo, akimwambia aondoe ng'ombe. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto.

"Mama Barafu!" nilipiga kelele. "Aibu baadaye!"

Tulimwangusha kivulini, ubavuni mwa mtumbwi. Nilimvua blauzi mimi mwenyewe, mbele ya mwalo mzima. Beseni la barafu nililimwaga mimi mwenyewe, lote, na sitasema ilikuwa huruma tupu. Alipiga yowe, "Yesu na Maria!" Nikamjaza makwapani na shingoni. Uzi mwekundu ulikuwa unanizuia, nikaukata kwa kisu cha samaki. Rozari nikamwachia. Ufunguo nikautia kwenye sidiria yangu.

Akapoa. Macho yakarudi mahali pake, akanijua, akajua na wanaomtazama. Tulipoita bodaboda impeleke kituo cha afya akasema apumzike kwanza. Nikamnywesha maji ya sukari na chumvi, kikombe baada ya kikombe, kwa mkono wangu, na nilihakikisha anameza. Kama saa nzima ilipita. Kisha nikaona anabana magoti.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kujisaidia."

Nikautoa ufunguo.

"Subiri," nilimwambia. "Wageni wapo."

Nikafungua mlango wa vigae. Wakaingia wanawake kumi na saba, mmoja mmoja, hakuna aliyefanya haraka, na Mama Sele alikuwemo humo muda mrefu kupita wote. Generoza alisubiri amekaa kwenye mchanga, kitenge kimelowa barafu, akitazama ule mlango ukifunguliwa na kufungwa. Wa kumi na nane alikuwa yeye, nikamnyanyua, nikamshika kiuno mpaka ndani, nikatoka, nikasimama mlangoni.

Nikasikiliza. Kwanza kimya, na nikaogopa, maana ninaujua ukimya ule. Niliukaa siku kumi na tisa. Kisha nikausikia. Ulikuja kidogo, ukakatika, ukaja mwingi. Nilikuwa namchukia, na nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango namshukuru Mungu kwa sauti ile, vyote kwa wakati mmoja, na machozi yananitoka mbele ya wenzangu.

Alipotoka alinawa, akajifunga kitenge vizuri, akarudi kuwa msimamizi. Akanyoosha kiganja mbele yangu, akiudai ufunguo.

Nikamwambia, "Subiri."

Tangu siku hiyo choo kile hakijafungwa, na wanawake wa mwalo wetu wanakunywa maji. Yeye bado anasubiri.